Bahari Nyuma ya Kitanda

Wacha niseme mapema ili mtu asije akaniambia sikusema. Wazo la kuweka bahari ndani ya nyumba, hapa Migori, lilikuwa langu. Wazo la kuweka mitambo yake nyuma ya kitanda chetu lilikuwa la Job, mume wangu. Na aliyeponea chupuchupu kwa sababu ya mawazo hayo mawili ni mtoto wetu Bonareri, ambaye hakuna mtu aliyemuuliza anataka nini.

Mimi nafanya kazi Homa Bay, kwenye kituo cha kutotoa vifaranga vya ngege, samaki wa ziwani. Maji nayajua. Mwaka juzi nilipelekwa kozi Kilifi, na siku ya mwisho wakatuvisha miwani ya kuogelea tukazamisha vichwa baharini. Nikayaona matumbawe. Sitajaribu kueleza. Nilirudi Migori nikiwa mtu mwingine, na Job alidhani ni homa tu, itapita. Haikupita. Nilisoma, nikauliza, nikawasumbua watu wa Kilifi wenye leseni ya kukuza matumbawe, na siku sanduku langu la vioo liliposhushwa kwenye pikapu, majirani walikuja wote kuliona. Swali lao lilikuwa moja: hao samaki wanaliwa? Nikasema hawaliwi. Wakaniangalia kwa huruma.

Sasa, tangi la samaki wa baharini si tangi moja, ni matangi mawili. La juu ni lile la sebuleni, lenye mawe na matumbawe na samaki wa rangi ya chungwa, la wageni kulishangaa. La chini ndilo linalofanya kazi. Maji yanashuka humo kwa bomba, yanachujwa, yanapashwa joto, halafu pampu inayasukuma yarudi juu. Likisimama la chini, la juu linakufa.

Nilitaka la chini likae kabatini chini ya lile la juu, kama watu wengine wanavyofanya. Job akakataa. Sisi ni Waadventista, Ijumaa jioni waumini huja kwetu kufungua Sabato, na pampu ilikuwa inanguruma kama posho mill ya kusaga mahindi. Tena Bonareri alikuwa ameanza kufungua kila mlango anaoufikia. Jikoni hapakufaa, moshi na mafuta. Nje hapakufaa, jua la Migori lingeyachemsha matumbawe yakawa supu. Job akazunguka nyumba nzima na futi yake mkononi kama mkandarasi, akarudi akitabasamu. Stoo, akasema. Tuna kistoo kidogo ambacho mlango wake uko ndani ya chumba chetu cha kulala, nyuma ya kitanda. Tutapitisha mabomba ukutani, kelele itabaki huko, mtoto hafiki, mwizi hafiki. Nilipiga kelele siku nzima kwamba silali na mashine. Nililala nayo. Baada ya wiki chache hata sikuisikia.

Halafu baba yake Job akaja kukaa nasi.

Mzee Kerosi alitoka Nyamira kwa sababu ya sukari. Mguu wake ulikuwa na kidonda kisichotaka kupona na kliniki yake iko huku. Tulimpa kile kinyumba kidogo cha uani, na mchana alikuja sebuleni, akaketi kiti cha karibu na mlango, akayatazama matumbawe huku mjukuu anayemwita sokoro, yaani babu, yuko mapajani mwake. Hapo sebuleni ndipo mwisho wake. Sisi ni Wakisii, na kwetu kuna heshima inayoitwa chinsoni. Baba haingii chumba cha kulala cha mwanawe aliyeoa. Haingii, hachungulii, hata neno lenyewe halitaji. Na mimi, mke wa mwanawe, siwezi kutaja kitanda changu mbele yake. Korido yetu ina pazia, na Mzee Kerosi hakuwahi hata kuligusa. Watu wa nje huyaita mambo ya zamani. Waulize waliovunja kama ni ya zamani. Wanasemwa mpaka kanisani, na mzee wa kanisa kama yeye ndiye angesemwa zaidi.

Kwa hiyo tulikuwa tumepima kelele, jua, wezi na vidole vya mtoto, tukasahau kupima ni nani anabaki nyumbani mchana. Job alisema tutahamisha mitambo likizo ya Desemba. Kila kitu kwake ni likizo ya Desemba.

Ilikuwa Alhamisi. Job ni mwalimu, alikuwa amepeleka wanafunzi Kehancha kwa michezo. Mimi niko Homa Bay, mikono yangu ndani ya maji ya vifaranga, simu ikalia ule mlio wa onyo. Stima imepotea nyumbani. Sikushtuka. Stima yetu hupotea kila mara, na nilikuwa nimejipanga: kwenye stoo, juu ya rafu, kuna betri inayoendesha kipampu kidogo cha hewa, mtandao wa nyumba, na kamera niliyoweka sebuleni kulitazama tangi. Nikafuta mikono, nikafungua picha, ili tu nione.

Hapa nieleze jambo moja. Pampu kubwa ikizima, maji ya juu hujaribu kurudi chini kwa bomba lile lile lililoyapandisha. Ni kama mtu anayevuta petroli kwa mpira kutoka tangi la gari: yakishaanza, yanajivuta yenyewe. Ndiyo maana bomba hutobolewa kitundu karibu na uso wa maji. Maji yakishuka hadi kitundu, hewa inaingia, yanasimama. Nilikuwa nimebandika mkanda mwekundu kwenye kioo kuonyesha pale yanapofaa kusimama.

Maji yalikuwa chini ya mkanda.

Nilidhani naona vibaya. Nikaisogeza simu karibu. Tumbawe la juu kabisa lilikuwa nje, hewani, limejikunja. Na maji yanaendelea kushuka. Kitundu kimeziba, nikasema kwa sauti, na wenzangu wakageuka kunitazama. Wakati huo nilikuwa nayalilia matumbawe, nasema ukweli. Nikampigia Phelesia, dada anayetusaidia nyumbani, aende akalifunge bomba. Simu yake imezima. Nikampigia Mzee Kerosi, ambaye humwita Tata, yaani baba.

Alipokea akiwa bustanini, kwenye sukuma wiki zake. Nilisikia jembe likiwekwa chini.

"Tata, Phelesia yuko wapi?"

"Ameenda chemist. Dawa ya mtoto imeisha, na homa imerudi."

"Mtoto mwenyewe?"

"Amelala."

"Amelala wapi, Tata?"

"Amelala huko ndani."

Hakuna mahali pengine ambapo Mzee Kerosi angepaita huko ndani. Bonareri akiugua hulala kitandani kwetu. Na mimi hapo matumbawe yakanitoka akilini yote, pamoja na samaki wake.

Kwa sababu maji yanayotoka juu yanakwenda wapi? Yanakwenda tangi la chini. Likijaa, yanamwagika stoo. Stoo haina kizingiti, yanaingia chumbani. Betri iko juu ya rafu, ni kweli, lakini waya wa ekstensheni yake uko sakafuni nyuma ya tangi, kwa sababu nilimwambia Job aigongelee ukutani naye akasema Jumapili, na Jumapili ikapita. Stima ya nje imepotea, lakini ile ya betri ipo, na inaweza kumuua mtu vilevile. Na yale ni maji ya chumvi. Maji ya chumvi yanabeba stima kuliko maji ya mvua. Mtoto wa miaka mitatu akiamka atashuka kitandani miguu mitupu.

"Tata, subiri nikupigie," nikasema, nikakata.

Nikampigia Job. Hapatikani. Nikapiga tena. Hapatikani. Nikampigia Orpah, jirani yetu wa ukuta mmoja, akapokea kukiwa na kelele za watu: yuko Sori, ameenda kuchukua samaki. Nikampigia tena Phelesia nikijua kabisa simu yake imezima. Yule mwanamke wa kwenye laini akaniambia tena kwamba hapatikani, nikamtukana. Halafu nikamrudia Mzee Kerosi.

"Tata, ingia ndani ya nyumba. Umevaa nini miguuni?"

"Gambuti."

"Usizivue. Ingia nazo."

Nikamwona kwenye picha akiingia sebuleni na gambuti zake za matope, kitu ambacho hajawahi kufanya, na koti lake la kila siku. Alitazama tangi lililokuwa limefika nusu.

"Maji yenu yameenda wapi?"

"Ndiyo hayo nataka kukuambia. Sogeza pazia la korido. Pale ukutani, mkono wa kulia, kuna kisanduku cheupe. Kifungue, shusha swichi kubwa. Stima ikirudi isituue."

Alilisogeza pazia kwa fimbo. Nikasikia swichi ikilia. "Nimeshusha," akasema. Halafu, "Mama Bonareri, kuna maji hapa. Yanatoka chini ya mlango."

"Mlango uko wazi au umefungwa?"

"Umeegeshwa."

"Tata, nisikilize..."

Hakunisikiliza. Alikuwa ameshapata suluhisho lake, la mtu mwenye adabu. Akaita. "Bonareri! Amka mama, njoo kwa sokoro! Njoo huku!"

"Nyamaza!"

Nilimwambia hivyo baba mkwe wangu. Nyamaza, kwa sauti ambayo kituo kizima kilisikia. Kwenye simu, kwa mbali, nikasikia kasauti kembamba ka mwanangu, kamejaa usingizi: "Sokoro?"

"Mwambie asishuke! Tata, akigusa hayo maji anakufa. Kuna waya wa stima ndani ya hayo maji. Mwambie abaki juu!"

Alielewa. Sauti yake ilibadilika, akamwambia kwa Kikisii, polepole, lala mama, lala kwanza, usishuke, sokoro yuko hapa. Bonareri akajibu kitu. Mtoto mwenye homa unaweza kumwambia usishuke mara ngapi? Tena anayemwambia ni babu ambaye humpa sukari ya chai kwa siri. Angeshuka tu, angemfuata.

"Tata, ingia umtoe."

Hakusogea.

"Gambuti zako ni za raba, hazipitishi. Usiguse ukuta, usiguse bomba. Nenda moja kwa moja hadi..." Neno lilinikwama kooni. Mtoto wangu yuko juu ya maji ya stima na mimi neno linanikwama. "Hadi kitandani. Mchukue umtoe nje."

"Mama Bonareri, unajua unachoniambia?"

"Najua."

"Job amesema?"

"Job hapatikani. Mimi ndiye ninayesema."

Kamera iliona mlango wa korido na mgongo wake. Alikuwa amesimama na pazia limemgusa bega, simu sikioni, na hakwenda mbele wala nyuma. Aligeuza kichwa akatazama mlango wa nje, kuangalia kama Phelesia anakuja. Phelesia hakuja. Akatazama tena korido. Nilimwona akiinua mguu, akaurudisha pale pale. Maji yalikuwa yameanza kumzunguka miguuni, yanang'aa kwenye picha. Nilimchukia. Sitasema nilimwelewa, nilimchukia kwa moyo wangu wote, yeye na Nyamira yake na kanisa lake, na nikamwambia Mungu kama unamtaka mtu hapo mchukue huyu.

"Tata, tafadhali," nikasema. Nilikuwa nalia sasa. "Tafadhali."

Akatoa simu sikioni, akaitia mfukoni bila kukata. Akavua koti. Sikujua anafanya nini. Akalirusha koti juu ya kichwa chake, likamfunika uso wote hadi kifuani, na mzee yule wa mguu mbovu akaweka fimbo mbele, akaingia koridoni bila kuona. Pazia likarudi nyuma yake.

Nilisikia maji yakipigwa na gambuti. Nilisikia fimbo ikigonga mbao. Nilisikia Bonareri akisema "Sokoro, wewe ni nani?" Halafu simu ikatoa mlio mmoja wa ajabu, ikakatika. Na picha ya sebuleni, tangi, kiti, pazia, vyote vikazima kwa pamoja.

Betri ndiyo iliyokuwa ikiiwasha kamera. Kilichozima kamera kilikuwa ndani ya yale maji.

Wenzangu wanasema nilikaa chini sakafuni. Mimi sikumbuki. Nakumbuka Elkanah, dereva wetu wa kupeleka vifaranga, akinishika mkono na kuniingiza kwenye pikapu, na ndoo za samaki zikiwa bado nyuma. Hakuniuliza kitu. Nilipiga namba ya Mzee njia nzima. Hapatikani. Tulipopita Rongo, Elkanah akaniambia nisali. Nikamwambia asali yeye, mimi naogopa kumwambia Mungu kitu kingine baada ya nilichomwambia muda mfupi uliopita. Akaanza kusali kwa sauti huku anaendesha, akiyapita malori ya miwa kama mtu aliyechoka na dunia, na kila aliposema amina nilitamani asiache.

Nilikuwa nimeshaua watu wawili kichwani mwangu. Nilikuwa nimeshafika mahali pa kuwaza nani atamwambia Job. Nilijiuliza kama nitawakuta pamoja au mmoja mlangoni na mwingine kitandani. Mtu anaweza kuwaza vitu hivyo na bado anamwonyesha dereva pa kukata kona.

Geti lilikuwa wazi. Maji ya chumvi yalikuwa yametoka mpaka barazani, na Phelesia alikuwa anayafagia huku analia. Aliponiona akalia zaidi, nikashindwa kumuuliza. Akanyoosha ufagio kuelekea bustanini.

Mzee Kerosi alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mwisho kabisa wa uwanja, mbali na nyumba kadiri ua ulivyoruhusu. Bonareri alikuwa mapajani mwake, ameviringishwa koti, anakula ndizi. Anakula ndizi! Nilimnyakua. Nilimpapasa miguu, vidole, nyayo. Mikavu. Alikuwa na homa na kinyesi cha kuku kwenye kidole, hakuna kingine. Nilikaa hapo chini kwenye sukuma wiki nikamkumbatia mpaka akaniambia namuumiza.

Mzee hakunitazama. Alikuwa anatazama gambuti zake.

Phelesia alinieleza baadaye. Alirudi kutoka chemist akawakuta wanatoka mlangoni, babu na mjukuu wote wawili chini ya koti moja, wakigonga viti. Mzee alimwambia kwamba simu ilimtoka mfukoni alipoinama kumchukua mtoto, ikazama. Stima ilipiga pale pale, akasikia mlio na harufu ya kuungua, akabaki amesimama majini na mtoto kifuani, haoni kitu, hajui atoke upande gani. Bonareri ndiye aliyemwonyesha njia, kutoka ndani ya koti.

Niliingia stoo na gambuti za Job. Ekstensheni ilikuwa imeyeyuka, nyeusi, imegandamana na sakafu. Nikaenda sebuleni, nikavuta bomba la kurudisha maji. Kwenye kile kitundu alikuwa amekaa konokono mmoja, wa ukubwa wa ukucha, kati ya wale niliowanunua mwenyewe ili wale mwani kwenye kioo. Amelala hapo, ameziba. Nilimtazama muda mrefu. Halafu nikamtupa majini, kwa wenzake, kwa sababu konokono mmoja hakuzitosha hasira zote nilizokuwa nazo.

Job alifika jua linashuka. Alimbeba mtoto, akamzungusha, akamnusa kichwa, akanisikiliza hadithi yote akiwa amesimama. Nilipomaliza akasema kitu kimoja.

"Baba aliingia?"

"Aliingia."

Akaketi. Aliketi kwenye kile kiti cha karibu na mlango, akashika kichwa. "Itabidi tuite wazee. Itabidi mbuzi wa utakaso."

"Ita wazee. Leta mbuzi, leta ng'ombe ukitaka, mchinjie na yule konokono. Lakini kwanza nenda ukamwambie baba yako asante."

"Lynnet, hujui uzito wa hii kitu."

"Sijui? Mimi ndiye niliyeitamka, Job. Wewe ulikuwa hupatikani."

Alitoka na mtoto begani kwenda uani, akarudi upesi, macho mekundu. Baba yake alikuwa amefunga begi. Kesho asubuhi anataka kupelekwa Nyamira, na hataki kusema zaidi.

Nyamira hakuna mtu. Nyumba yake imefungwa, kliniki iko mbali, na mguu ule bila kufungwa kila siku utakatwa. Job anajua, mimi najua, na Mzee anajua kuliko sisi. Nikaenda mwenyewe. Job akanifuata akisema ngoja, si kazi yako, wacha wanaume waongee. Wanaume walikuwa na siku nzima ya kuongea.

Mlango wa kinyumba chake ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, begi mbele yake, koti bado limelowa upande mmoja. Nilisimama nje ya kizingiti, ninapopaswa kusimama.

"Tata, nimesikia unaenda."

"Ndiyo."

"Kama ni kwa sababu uliingia, hakuna mtu atakayekulaumu. Niliyesema ni mimi. Wazee wakija nitawaambia hivyo hivyo, hata kanisani nitasimama niseme."

"Si kuingia," akasema.

"Ni nini basi?"

Alikuwa anaongea na begi, si na mimi.

"Nilisimama. Mtoto yuko pale ananiita, maji yananipita kwenye miguu, na mimi nimesimama ninafikiri watu watasema nini. Nikafikiri labda msichana atarudi. Nikafikiri labda Job atapiga simu. Mtu mzima, mzee wa kanisa. Ile kitu iliwaka nikiwa nimemshika tayari. Kama ingewaka pale niliposimama na yeye ameshuka?" Akapangusa mdomo kwa kiganja. "Nitamtazamaje kila asubuhi? Anakuja ananiambia sokoro nibebe. Hajui. Wewe pia hujui, kwa sababu hukuweko."

"Najua," nikasema. "Niliona."

Akainua uso. Tangu niolewe hapo, sikumbuki kama alishawahi kunitazama usoni namna hiyo.

"Kuna kamera sebuleni, Tata, ya kutazama samaki. Nilikuona ukisimama. Nilikuona ukiinua mguu na kuurudisha. Nilikuombea kifo, Mungu anisamehe."

Nyuma yangu Job aliita jina langu. Sikugeuka.

"Lakini wewe hukuniona mimi," nikasema. "Uliponiambia amelala huko ndani, nilijua hapo hapo. Nilijua ni wewe tu uko karibu. Nikakata simu. Nikampigia Job. Nikampigia Orpah ambaye yuko Sori, ili anisaidie nini kutoka Sori? Nikampigia Phelesia nikijua simu yake imezima. Niliwapigia wote, na maji yanashuka mbele ya macho yangu, kwa sababu sikutaka kuwa mke aliyemtuma baba mkwe wake kitandani. Wewe ulisimama na mimi nilisimama, Tata. Mimi nilianza. Kwa hiyo kama ni kwenda Nyamira, nifungie na mimi begi."

Alilisogeza begi kando kwa fimbo.

"Kaa chini," akaniambia.

Nikavuka kizingiti nikaketi sakafuni, karibu na begi lake, karibu kuliko ambavyo mke wa mwanawe anaruhusiwa. Hakunizuia. Alikuwa ameshaanza kulia, kile kilio cha wazee kisicho na sauti, na mimi nikamfuata, tukalia bila kufichana. Job alibaki nje ya mlango na mtoto amemlalia begani, hajui aangalie wapi.